Max Planck, Mzee wa Kanisa Aliyeshangazwa na Hesabu Yake

Vijana wetu wa sekondari hutuuliza mara kwa mara kama yupo binadamu anayeielewa kweli fizikia ya kwanta, maana wameisoma na hawaoni kichwa wala miguu. Tumeona vema tueleze habari za mtu aliyeianzisha.

Bwana Max Planck alizaliwa tarehe 23 Aprili 1858 huko Kiel, Ujerumani. Alipotaka kusoma fizikia mjini München, profesa wake Philipp von Jolly alimshauri aache, kwa kuwa karibu yote yalikwisha gunduliwa. Planck alijibu kwamba hatafuti mapya, anataka kuyaelewa yaliyopo tu. Sisi tuliofundisha tunalijua shauri la namna hiyo. Hata hapa kwetu Erasto Mpemba alichekwa shuleni alipouliza kwa nini maziwa ya moto yaliganda kabla ya yaliyopoa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dkt. Denis Osborne aliyetoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mwaka 1969 jambo hilo likachapishwa, na wataalamu wanalijadili mpaka leo.

Mwaka 1889 Planck alikwenda kufundisha Berlin, mji uleule ambao wamisionari wake walifika Unyakyusa mwaka 1891. Huko alishika swali ambalo kila mhunzi huliona kwa macho. Chuma kikitiwa motoni huwa chekundu, kisha cha manjano, kisha cheupe. Kwa nini? Kwa hesabu za zamani kingepaswa kutoa mwanga wa zambarau, na ule upitao zambarau usioonekana, bila kikomo. Hakuna mhunzi aliyepata kuona hivyo.

Tarehe 14 Desemba 1900 Planck alieleza kwamba nguvu ya joto haitoki kama maji ya mfereji, ila kwa vipimo kamili visivyokatwa. Tuseme mwanga mwekundu huuzwa kwa kibaba, na wa zambarau kwa gunia zima. Mwenye senti chache atanunua kibaba, gunia hataliweza. Ndivyo chuma chenye joto dogo kinavyotoa wekundu tu. Hesabu ikalingana na vipimo vya maabara barabara.

Lakini mwenyewe hakuipenda. Aliiona kama njia ya kupata jibu, akajitahidi miaka mingi kuirudisha katika fizikia ya zamani, asiweze. Mwaka 1905 Albert Einstein alisema mwanga wenyewe husafiri kwa vipimo hivyo. Planck hakukubali. Mwaka 1913, alipompendekeza Einstein katika Akademia ya Berlin, yeye na wenzake waliomba asihukumiwe kwa wazo hilo. Nobeli ya mwaka 1918 alipewa Planck kwa kazi ileile iliyomsumbua, na jinsi vijana walivyoifasiri baadaye hakuridhika nayo.

Kwa maoni yetu, kuelewa kwa kukokotoa kupo, na Planck alikuwa nako. Kuelewa kwa kuona moyoni jinsi mambo yalivyo hakukupata, na hata leo wataalamu wanaokubaliana kwa namba wanabishana juu ya maana yake. Hata hivyo kazi inafanyika: tangu Mei 2019 kilo ya dunia nzima, pamoja na ile ya soko la Mwanjelwa, imewekwa kwa namba ya Planck.

Nyumbani alionja uchungu mwingi. Mkewe Marie alifariki mwaka 1909. Mwanawe Karl aliuawa vitani mwaka 1916. Mabinti zake pacha walifariki kwa uzazi, mmoja mwaka 1917 na mwingine mwaka 1919. Tangu 1920 alikuwa mzee wa kanisa mtaani Grunewald, Berlin, akatumika hivyo hadi mwisho. Januari 1945 serikali ya Hitler ilimnyonga mwanawe Erwin.

Alifariki Göttingen tarehe 4 Oktoba 1947, mwenye miaka 89. Juu ya jiwe la kaburi limeandikwa jina lake, na chini kabisa ile namba yake.