Muzio Clementi, mfanyabiashara wa piano aliyeijua tofauti ya sauti na mwendo

MWISHONI mwa mwaka 1802, katika ghala moja la biashara mjini St Petersburg, Urusi, kijana wa miaka 20 aitwaye John Field alikuwa akikaa kwa saa nyingi akipiga piano mbele ya wateja. Piano hizo hazikuwa zake. Zilikuwa mali ya mwalimu wake, Muzio Clementi, Mwitaliano wa miaka 50 ambaye kampuni yake ilizitengeneza London. Kazi ya Field ilikuwa kuwafanya Warusi wenye fedha wasikie kile ambacho kinanda cha zamani hakikuweza kufanya: kubadili ukubwa wa sauti kwa nguvu ya kidole tu.

Mpiga fidla wa Kijerumani, Louis Spohr, aliyekuwa mjini humo wakati huo, aliacha kumbukumbu kuhusu wawili hao. Siku moja aliwatembelea akawakuta wamekunja mikono ya mashati, wanafua soksi zao wenyewe kwenye beseni. Clementi hakuona aibu. Alimweleza mgeni wake kwamba dobi wa St Petersburg ni ghali, akamshauri naye afanye hivyohivyo. Wakati huo Clementi alikuwa miongoni mwa wanamuziki matajiri kuliko wote Ulaya.

Clementi alizaliwa Roma tarehe 23 Januari 1752. Baba yake alikuwa sonara wa fedha. Alipofika miaka 14 tayari alikuwa akipiga kinanda katika kanisa la San Lorenzo in Damaso, na hapo ndipo Mwingereza tajiri aliyekuwa safarini, Peter Beckford, alipomwona. Beckford alikubaliana na baba mtu amchukue kijana kwa miaka saba, kwa malipo. Utajiri wa ukoo wa Beckford ulitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaica, yaliyolimwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Fedha hizo ndizo zilizomsomesha Clementi. Kijana akaishi katika nyumba ya mashambani huko Dorset, kusini mwa Uingereza, akifanya mazoezi karibu saa nane kila siku. Mwaka 1774 mkataba ulipokwisha, akaenda London kutafuta maisha.

Kinanda alichojifunzia kilikuwa hapsikodi. Ndani ya hapsikodi kila uzi hudonolewa na kijiti kidogo, na ubonyeze kwa upole au kwa hasira, mlio hutoka karibu uleule. Karibu na mwaka 1700 fundi mmoja wa Florence, Bartolomeo Cristofori, alibuni kinanda ambacho nyuzi zake hupigwa na nyundo ndogo. Kidole kikishuka kwa nguvu, nyundo hupiga kwa nguvu. Kikaitwa kinanda chenye piano na forte, yaani chenye sauti ndogo na sauti kubwa. Jina likafupishwa kuwa pianoforte, baadaye piano tu. Ni bidhaa chache duniani ambazo sifa yake kuu imegeuka kuwa jina lake la dukani namna hii.

Mtego wa neno polepole

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu nzuri ya kujikwaa. Ukimwambia mtu aseme polepole, anaweza kupunguza kasi ya maneno, au akashusha sauti ili jirani asisikie. Neno moja hubeba yote mawili. Kiitaliano cha mitaani kina mtego uleule: dereva akiambiwa aende piano anatakiwa apunguze mwendo. Lakini neno hilo likiandikwa kwenye karatasi ya muziki, halihusiani na mwendo hata kidogo. Linasema sauti iwe ndogo, basi. Forte linasema iwe kubwa, na crescendo linasema ikue hatua kwa hatua.

Mwendo una maneno yake: adagio na largo kwa wimbo wa taratibu sana, andante kwa mwendo wa mtu anayetembea, allegro kwa mwendo wa haraka, presto kwa mbio. Makundi haya mawili hayaingiliani. Wimbo unaweza kuwa presto na piano kwa pamoja, mbio lakini kwa sauti ndogo, kama wachuuzi wanaonong'onezana upesi askari wa jiji wanapokaribia. Unaweza kuwa adagio na forte, kama kengele kubwa ya kanisa inayogonga kwa vituo. Mwanafunzi anayepunguza mwendo kila aonapo piano, na kukimbia kila aonapo forte, anasoma maagizo ambayo mtunzi hakuyaandika. Kosa hilo lipo katika kila darasa la muziki hadi leo.

Kwa nini Kiitaliano? Kwa sababu katika karne za 17 na 18 Waitaliano ndio waliosambaza muziki katika majumba ya wafalme wa Ulaya, na lugha ya muuzaji ikawa lugha ya soko. Huko Venice, Giovanni Gabrieli alikuwa ameshaandika maneno ya sauti ndogo na kubwa katika kazi aliyoichapisha mwaka 1597. Maneno ya mwendo yalikuja na udhaifu wake. Mengi hayakuwa ya mwendo tangu asili: allegro ni uchangamfu, largo ni upana, grave ni uzito. Uchangamfu wa kasi gani? Hata wanamuziki wenyewe hawakukubaliana kama adagio ni taratibu kuliko largo, au kinyume chake. Ilikuwa sawa na kupima kitambaa kwa dhiraa: jibu lilitegemea mkono wa nani.

Mozart amshitaki

Clementi aliumizwa na udhaifu huo. Tarehe 24 Desemba 1781 alikuwa Vienna, katika kasri la Mfalme Joseph II, alikoitwa kupiga kinanda mbele ya wageni kutoka Urusi. Chumbani alimkuta kijana aliyevaa kimaridadi sana akamdhania mtumishi wa ngazi ya juu wa mfalme. Walipoanza kuzungumza, akagundua ni Wolfgang Amadeus Mozart, na kwamba wameitwa kushindanishwa. Wote wawili walipiga, kila mmoja kwa zamu yake.

Clementi alitoka pale akimsifu mwenzake, na aliendelea kumsifu maisha yake yote. Mozart hakurudisha fadhila. Katika barua kwa baba yake alimweleza Clementi kuwa fundi wa vidole asiye na hisia. Mwaka 1783 akaongeza shitaka zito zaidi: kwamba Clementi ni laghai, huandika presto juu ya kazi zake, hata presto ya kupindukia, kisha mwenyewe akizipiga huzipiga kwa mwendo wa allegro tu. Kwa lugha ya sokoni, gunia limeandikwa kilo 100 na ndani zipo 80.

Je, ilikuwa kweli? Hakuna aliyeweza kuthibitisha wala kukanusha, kwa sababu hapakuwa na mizani. Mwaka 1783 hakukuwa na chombo kinachokubalika cha kusema presto inaanzia wapi na allegro inaishia wapi. Kama Mozart angedai kwamba Clementi hajui kutofautisha sauti ndogo na kubwa, yeyote aliyekuwamo chumbani angeamua kwa masikio yake. Kwa upande wa mwendo lilikuwa neno la mtu dhidi ya neno la mtu. Na hilo halikumzuia Mozart, miaka michache baadaye, kufungua opera yake ya The Magic Flute kwa sauti zinazofanana mno na zile za sonata ambayo Clementi aliipiga usiku ule. Clementi alipoichapisha tena sonata hiyo, aliweka maelezo kwamba ilipigwa mbele ya mfalme mwaka 1781, Mozart akiwapo. Hakuhitaji kusema zaidi.

Kutoka jukwaani hadi ghalani

Katika miaka ya 1790 kampuni kubwa ya piano na uchapaji ya Longman & Broderip ilifilisika London. Clementi, aliyekuwa ameweka akiba kutokana na ufundishaji, akaingiza mtaji wake mwaka 1798 na kuwa mwenye kampuni. Mwaka 1801 akatoa kitabu cha kufundishia piano ambacho ndani yake aliyapanga maneno ya mwendo kwa ngazi, kutoka taratibu kabisa hadi mbio kabisa, na ya ukubwa wa sauti akayaeleza peke yake. Mwalimu anayeuza piano alikuwa na faida ya wazi katika kuwafanya wanunuzi waelewe. Beethoven alikithamini kitabu hicho kiasi kwamba mwaka 1826 alikitafuta kwa ajili ya mtoto wa rafiki yake.

Safari iliyompeleka Urusi mwaka 1802 ilidumu miaka minane. Field alibaki huko, akawa maarufu, na alifia Moscow. Clementi alioa Berlin mwaka 1804. Mkewe Caroline alifariki mwaka uliofuata baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Machi 1807 kiwanda chake cha London kiliteketea kwa moto, hasara ikakadiriwa kufikia pauni 40,000. Wakati huohuo Napoleon alikuwa ameagiza bandari za Ulaya zifungwe kwa bidhaa za Uingereza.

Ni katikati ya balaa hilo ndipo Clementi alifunga biashara kubwa kuliko zote. Yeye na Beethoven walikuwa wamewahi kula katika hoteli moja ya Vienna bila kusalimiana, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Aprili 1807 ukimya huo ukaisha. Kwa pauni 200 Clementi alipata haki ya kuchapisha Uingereza simfoni ya nne, konseto ya nne ya piano, konseto ya fidla, kwateti tatu na kazi nyingine. Lakini vita vilivuruga usafirishaji, na washirika wa London wakachelewesha fedha. Beethoven alisubiri zaidi ya miaka miwili. Clementi, aliyekuwa bado bara, aliwaandikia washirika wake kwa ukali kwamba wamemwaibisha mbele ya mtu aliyempa neno lake. Hatimaye deni lililipwa.

Alirudi London mwaka 1810, akaoa tena na kupata watoto wengine wanne. Mwaka 1813 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Philharmonic Society, chama cha muziki cha jiji hilo.

Miaka miwili baadaye mizani iliyokosekana ilipatikana. Johann Maelzel alisajili metronomi, kifaa chenye fimbo inayoyumba kushoto na kulia na kugonga idadi maalumu ya mapigo kwa dakika. Mtunzi sasa angeweza kuandika namba kando ya neno allegro, na mpigaji wa mji wa mbali akapata mwendo uleule. Beethoven alitoa namba za simfoni zake nane mwaka 1817. Mwaka huohuo Clementi alianza kuchapisha kazi yake kubwa, Gradus ad Parnassum, vipande 100 vya mazoezi vilivyokamilika mwaka 1826, akavipa namba za metronomi. Mzee aliyeshitakiwa kwa kuandika mwendo mmoja na kupiga mwingine sasa aliweka vipimo vyake wazi mbele ya kila mnunuzi.

Maneno ya sauti hayakupata namba. Forte ya ukumbi mkubwa si forte ya sebuleni, na mpaka leo watunzi huandika herufi zilezile mbili, p na f, na kumwachia mpigaji aamue. Duniani kote watoto wanaoanza piano bado hukutana nazo katika sonatina sita za Clementi za mwaka 1797.

Aliachana na kampuni mwaka 1830, akahamia mashambani. Alifariki Evesham tarehe 10 Machi 1832, akiwa na miaka 80, na kuzikwa Westminster Abbey. Biashara ya piano ikaendelea chini ya ukoo wa mshirika wake, Collard.