Hirth na Seminari ya Rubya

Jimbo la Rulenge lilipata jina hilo 1960, lakini seminari ya Rubya, hapo jirani Muleba, ilikuwepo zaidi ya nusu karne kabla yake. Mwanzilishi ni Askofu Jean-Joseph Hirth, mzaliwa wa Alsace, Ufaransa, 1854. Vita vya Mengo vya 1892 vilimtoa Buganda, akaja Bukoba.

Wapo wamisionari waliotilia shaka upadre wa Waafrika. Yeye akaanza tu. Mwaka 1904 Rubya ilipokea vijana hadi kutoka Rwanda. Wawili wa kwanza wakawa mapadre 1917. Miaka 13 hiyo, wanachuo wenzangu, na sisi tunalia na mitatu!

Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi, naye alisoma Rubya. Alipewa ukardinali 1960. Hirth hakuyaona: alifariki Kabgayi, Rwanda, 1931.