Milo, bingwa wa mieleka anayesifika kwa kubeba ndama

Jina Milo, ambalo madukani mjini Garissa hufahamika kwa kopo la kijani la kinywaji, lilikuwa la mwanamieleka aliyeishi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Waliobuni kinywaji hicho nchini Australia mwaka 1934 walimkumbuka yeye kwa sababu ya nguvu zake.

Milo alikuwa mwenyeji wa Croton, mji wa Wagiriki uliokuwa kusini mwa Italia ya leo. Yapata mwaka 540 kabla ya Kristo alishinda mieleka ya wavulana katika Michezo ya Olimpiki, kisha akatwaa taji la wanaume mara tano mfululizo, kuanzia mwaka 532 hadi 516. Alipojaribu tena mwaka 512 alizidiwa na kijana wa mji wake, Timasitheos.

Inasimuliwa kwamba katika ujana wake alimbeba ndama kila siku, hadi ndama yule akawa fahali. Wafugaji wa Kaskazini Mashariki, ambao wakati wa ukame humwinua ng'ombe aliyedhoofika wakiwa watu kadhaa, hawatakubali upesi kwamba fahali alibebwa na mtu mmoja. Hata hivyo, ndani ya kisa hicho mna kanuni ambayo wakufunzi wangali wanaifuata: mzigo huongezwa kidogo kidogo.

Je, kanuni hiyo yamfaa mtoto mdogo? Karibu karne mbili baada ya Milo, mwanafalsafa Aristotle aliitazama orodha ya mabingwa wa Olimpiki, akaona ni wawili au watatu tu walioshinda wakiwa wavulana na tena wakiwa watu wazima. Alilaumu mazoezi makali ya utotoni. Milo alikuwa miongoni mwa wachache hao, kwa hiyo anayemtaja kama kielelezo cha kuwafuata watoto wote anakosea.

Madaktari wa leo hawakatazi mazoezi ya nguvu kwa watoto, mradi yasimamiwe vyema na uzito uwe mdogo. Kabla ya balehe, nguvu huongezeka hasa kwa kuwa neva hujifunza kuitumia misuli, wala si kwa misuli kunenepa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa wiki kwa watoto wa miaka 5 hadi 17.

Lakini mtoto anayeteka maji katika Mto Tana kwa mtungi wa lita 20 tayari hubeba kilo 20 ambazo hakuna mkufunzi aliyempimia. Mwalimu wa michezo asiyeuhesabu mzigo huo humwongezea mwingine bila kujua.

Kuhusu kifo cha Milo, masimulizi yanasema alikuta msituni gogo lililopigwa kabari, akajaribu kulipasua kwa mikono. Kabari zilichomoka, gogo likambana, naye akaliwa na mbwa mwitu.