Clair Patterson: Mwanakemia aliyepima umri wa Dunia

Dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.5. Wanafunzi wengi wanaifahamu idadi hiyo, lakini wachache wanamjua aliyeipata. Tunaangazia maisha ya Mmarekani Clair Patterson, ambaye kazi yake ilimwingiza katika mvutano na makampuni makubwa.

Patterson alizaliwa mwaka 1922 katika jimbo la Iowa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili alisoma Chuo Kikuu cha Chicago, ambako msimamizi wake, Harrison Brown, alimpa kazi ya kupima isotopu za madini ya risasi ndani ya mawe. Urani huoza na kugeuka risasi kwa kasi inayojulikana, hivyo isotopu hizo ni kama saa.

Lakini vipimo vilimtatiza. Sampuli zilionyesha risasi nyingi kupita kiasi. Aligundua kwamba ilitoka nje: katika vumbi, maji, vyombo, hata nywele za watafiti. Alipohamia Taasisi ya Teknolojia ya California alijenga maabara safi mno, huku vyombo vikioshwa kwa tindikali tena na tena.

Usafi huo ulizaa matunda. Mwaka 1953 alipima kimondo cha chuma cha Canyon Diablo, Arizona. Sehemu aliyoipima haina urani ya kutosha kubadilisha risasi yake, hivyo imebaki kama ilivyokuwa sayari zilipoumbwa. Aliilinganisha na risasi ya vimondo vya mawe na ya mashapo ya bahari. Mwaka 1956 alichapisha jibu: miaka bilioni 4.55.

Mashapo yana ugumu wake. Punje za udongo wa mfinyanzi hubeba risasi kutoka miamba ya nchi kavu, na nyingine hunata juu yake kutoka majini. Tindikali hafifu huweza kuondoa ile ya juu na kuiacha ya ndani, ili kila moja ipimwe peke yake.

Akiendelea kuchunguza bahari, na baadaye barafu ya Greenland, Patterson aliona risasi imeongezeka mno kwa shughuli za binadamu, hasa petroli iliyotiwa risasi. Mwaka 1965 alichapisha onyo, akieleza kwamba kiwango kilichoitwa cha kawaida mwilini kilikuwa tayari ni uchafuzi. Alipoteza ufadhili, na mwaka 1971 hakujumuishwa katika jopo la kitaifa la wataalamu kuhusu risasi hewani, ingawa wachache waliijua mada hiyo kumzidi.

Hakunyamaza. Patterson alifariki Desemba 5, 1995. Wiki chache baadaye, Januari 1996, Marekani ilipiga marufuku kabisa petroli hiyo kwa magari ya barabarani. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, zikiwemo za Afrika Mashariki, ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Risasi huathiri zaidi ubongo wa watoto. Aliyetafuta umri wa mawe akaishia kulinda afya yao.