Daktari Denis Burkitt: Jicho Moja Lililoona Mbali

Sisi wa Kurasini malaria tunaijua. Mtoto akichemka usiku, mama hupeleka mkono kwenye paji la uso, halafu shingoni na kwapani, kutafuta mitoki. Wengi hatujui kwamba malaria hiyohiyo ina undugu na saratani moja ya watoto, na kwamba aliyetufungulia njia ya kuujua undugu huo alikuwa daktari wa jirani zetu Uganda.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe katika ugomvi wa watoto wa shule, akapoteza jicho moja. Alipoingia chuo kikuu Dublin alianza na uhandisi. Akiwa huko, imani yake ya Kikristo, katika Kanisa la Kianglikana, ilikomaa, akaona kwamba Mungu anamwita kwenye udaktari. Akabadili masomo, akahitimu mwaka 1935, na baadaye akawa daktari wa upasuaji. Alipoomba kazi ya serikali Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Hakukata tamaa. Mwaka 1946 alifika Uganda, akaanzia Lira, kisha akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, Daktari Hugh Trowell alimwita wodini amwone mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Wiki chache baadaye, Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Alipompima akakuta na uvimbe tumboni. Akarudi kwenye mafaili ya Mulago, akagundua kwamba watoto kama hao walikuwa wengi, ila kila daktari alikuwa amewaandika kwa jina lake. Mwaka 1958 alitangaza habari hiyo.

Tuueleze ugonjwa wenyewe. Askari wa miili yetu ni chembe nyeupe za damu. Huzaliwa ndani ya mifupa, katika uboho. Baadhi huenda kukomaa katika tezi ya thimasi iliyo kifuani. Hao huitwa chembe T. Wengine, chembe B, ndio watengenezaji wa kingamwili. Wote huzunguka katika damu, huingia katika tezi za limfu za shingoni, kwapani na kwenye kinena, kisha hurudi katika damu kwa mishipa ya limfu. Ndani ya tezi, chembe B iliyokutana na adui huzaana upesi. Tezi ikivimba, ndiyo mitoki. Kwa kawaida vita vikiisha, nayo hupungua. Katika ugonjwa aliouona Burkitt, chembe B moja imeharibika na haijui tena kuacha kuzaana. Uvimbe huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili.

Burkitt alitaka kujua ugonjwa unaishia wapi. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wamisionari Ted Williams na Cliff Nelson, alipanda gari kuukuu, akasafiri wiki 10, kilometa kama 16,000, kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini, akitembelea hospitali 57. Aliuliza maswali na kuonyesha picha. Ilionekana kwamba ugonjwa unafuata nchi zenye joto na mvua, na unapungua mahali pa juu penye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria.

Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikiliza akifundisha London, akaomba vipande vya uvimbe vipelekwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964, Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuwa wameona kirusi ndani ya chembe hizo. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Watu wengi duniani wanacho bila madhara, lakini malaria ya mara kwa mara huzidisha chembe B na kudhoofisha ulinzi wa chembe T.

Burkitt hakuishia kwenye ramani. Kisu kilikuwa hakiwafai watoto hao, kwa hiyo akajaribu dawa. Wengine walipata nafuu kwa dozi chache tu, na baadhi walipona kabisa. Alirudi Uingereza mwaka 1966, akafariki tarehe 23 Machi 1993.

Ndugu waseminari, na ninyi wazazi, maisha haya yanatudai jambo. Taya la mtoto likivimba, meno yakilegea bila sababu, au tumbo likijaa, tusimpeleke kwanza kwa mganga wala tusingoje mwezi uishe. Ugonjwa huu hukua haraka, lakini husikia dawa ukiwahiwa. Tumpeleke hospitali siku hiyohiyo, na usiku tushushe chandarua.