Al-Biruni na Manazili za Mwezi

Abu Rayhan al-Biruni alizaliwa Khwarazm mwaka 362 wa Hijra (973), akafariki Ghazna yapata mwaka 1048. Katika kitabu chake At-Tafhim, cha mwaka 1029, alizieleza manazili 28, yaani vituo ashukiavyo mwezi usiku baada ya usiku. Mojawapo ni Thurayya, tuiitayo sisi Kilimia. Alizieleza pia hukumu za wanajimu, lakini akabainisha kuwa itikadi yake juu yake ni haba mno.

Basi, ndugu zetu, tupambanue. Kujua mwezi u katika manzili gani ni hesabu, nayo ni elimu. Kumlipa mnajimu atuvunjie safari au harusi kwa ajili ya manzili hiyo ni dhana tupu. Kilimia hutujulisha majira. Riziki na ajali zi kwa Mola.