Lino Brocka, aliyechukua upendo wa wenye kudharauliwa kwa uzito

Lino Brocka alizaliwa mwaka wa 1939 katika jimbo la Sorsogon, inchi ya Ufilipino. Akiwa kijana alihudumia wagonjwa wa ukoma kule Molokai, Hawaii. Hakuwasahau. Mwaka wa 1974 akatoa filamu Tinimbang Ka Ngunit Kulang: Berto, mwenye ukoma, na Kuala, mwanamuke anayeitwa kichaa, wanaishi pamoja na kungojea mutoto. Muji unawacheka, Brocka hacheki. Aliyemuharibia Kuala maisha ni bwana mwenye heshima, baba ya kijana Junior, rafiki yao. Mwaka wa 1985, chini ya Marcos, Brocka alifungwa kwa kuunga mkono mugomo wa madereva. Alikufa kwa ajali ya motokari, mwezi wa tano 1991.